Mguu ukisogea, nani yuko macho? Maswali yenu kuhusu dawa ya usingizi

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu akishapewa dawa ya usingizi thieta, kinacholala ni nini hasa? Tumechagua saba. Majibu yameandikwa na wataalamu wa usingizi kwa pamoja. Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima isipokuwa pale tuliposema vingine, na zimewekwa kwa ajili ya walio kazini na wanaosomea kazi hii. Wengine wazisome ili waelewe tu.

SWALI. Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, Dodoma. Nikiwa kwenye mazoezi thieta, kisu kilipogusa ngozi tu mgonjwa akavuta mguu. Nikajua ameamka. Mtaalamu wa usingizi hakushtuka, akaongeza gesi na kuchoma dawa kidogo, kazi ikaendelea. Jioni nilimuuliza mgonjwa, akasema hakumbuki kitu tangu alipochomwa sindano ya kwanza. Je, aliamka akasahau, au hakuamka?

JIBU. Marahaba. Kwa jinsi ulivyoeleza, hakuamka. Aliyejibu kisu ni uti wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, nao hauombi ruhusa ya ubongo ili uvute mguu. Ukikanyaga mwiba gizani, mguu huruka kabla hujajua umekanyaga nini. Njia hiyo fupi ndiyo uliyoiona ikifanya kazi mezani.

Nguvu ya gesi za usingizi hupimwa kwa kipimo kiitwacho MAC, kilichoanzishwa na Edmond Eger na wenzake huko Marekani katika miaka ya 1960. Ni kile kiasi cha gesi mapafuni ambacho, kisu kikipita kwenye ngozi, nusu ya wagonjwa hawasogei. Kwa mtu wa umri wa kati, halotheni ni kama asilimia 0.75, isofluraini 1.2, sevofluraini 2. Sasa rudi uisome tena tafsiri hiyo. Hakuna mahali inapotaja kulala. Inataja kusogea. Nusu nyingine ya wagonjwa wanasogea huku wamelala fofofo, kwa sababu fahamu hutoka mapema zaidi: kwa isofluraini na sevofluraini, theluthi moja tu ya MAC inatosha kumfanya mtu mmoja kati ya wawili asiitike akiitwa jina lake. Uwezo wa kuweka kumbukumbu nao hufungwa karibu na hapo hapo. Kwa hiyo mgonjwa aliye kwenye sevofluraini ya asilimia 1.8 amepita kwa mbali mpaka wa usingizi, na bado ana nafasi kubwa tu ya kurusha mguu.

Jambo hili halikujulikana zamani. Tangu William Morton alipoonyesha etha mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, kwa karibu miaka 150 ilichukuliwa kwamba asiyesogea hasogei kwa kuwa ubongo umelala. Mwaka 1993 kazi mbili kutoka California zikalivunja wazo hilo. Ira Rampil na wenzake waliwaondolea panya sehemu ya mbele ya ubongo, wakakuta kiasi cha isofluraini kinachowazuia kusogea hakikubadilika. Joseph Antognini na Kevin Schwartz wakatumia mbuzi, ambao damu ya ubongo wao inaweza kutengwa na ya mwili uliobaki, hivyo mashine ya kupitisha damu nje ya mwili ikapeleka gesi kichwani peke yake. Mwili mzima ulipopata isofluraini, mbuzi walitulia kwa asilimia 1.2. Gesi ilipopelekwa ubongoni tu, ilibidi ifike asilimia 2.9. Ubongo umezama kiasi hicho, na miguu bado inapiga! Kwa maoni yetu hakuna jaribio linalofaa kufundishwa mapema zaidi ya hili kwa anayesomea usingizi.

Ndani ya uti wa mgongo, habari ya maumivu huingilia upande wa nyuma, hupokelewa na kuchujwa, kisha hufika kwenye seli za upande wa mbele zinazoamrisha misuli. Gesi hupunguza makali pande zote mbili, ila seli za mbele ndizo hupoozwa zaidi. Na haitumii njia moja. Ile milango ya kloridi inayofunguliwa na glaisini na gaba, kemikali za mwili zinazotuliza seli za neva, huifanya ikae wazi muda mrefu zaidi, seli ikawa ngumu kuchochewa. Hufungua milango inayovujisha potasiamu, seli ikatulia zaidi. Na hupunguza nguvu ya glutameti, kichocheo kikuu cha mfumo mzima wa neva. Propofoli, dawa ya usingizi inayochomwa mshipani, ina njia nyembamba zaidi, karibu yote ni kupitia kipokezi cha gaba. Panya waliobadilishwa sehemu moja ndogo ya kipokezi hicho, katika kipande kiitwacho beta-3, waliendelea kuvuta mguu hata kwa dozi zinazowatuliza panya wa kawaida.

Ubongoni dawa hizohizo hugonga mahali pengine: seli za kuamsha zilizo kwenye shina la ubongo na haipothalamasi, thalamasi inayopitisha habari, na gamba la ubongo linalozikusanya. Ukipima umeme wa ubongo wa mtu aliye chini ya propofoli utaona mawimbi makubwa ya polepole, chini ya 4 kwa sekunde, na juu yake mawimbi ya 8 mpaka 12 kwa sekunde upande wa paji la uso. Mkono au mguu hauonekani kwenye picha hiyo.

Ukiwa kazini, cha kutazama ni aina ya kusogea. Mguu unaovutwa kutoka kwenye kisu na kutulia ni uti wa mgongo. Mkono unaopanda kutafuta mpira wa kupumulia, kope zinazofunguka, machozi, au mgonjwa anayekunja ngumi akiambiwa akunje, hayo yanatoka juu, na hapo ongeza dawa ya usingizi bila kusubiri. Kwa mguu peke yake, dawa nzuri ni ya maumivu: fentanili maikrogramu 50 mpaka 100 hushusha mahitaji ya gesi haraka kwa kuwa hufunga mlango wa nyuma wa uti wa mgongo. Ndiyo sababu pia propofoli bila fentanili huacha wagonjwa wengi wakijikunjakunja ingawa wamelala. Ukitaka gesi peke yake iwatulize karibu wagonjwa wote, unahitaji kama MAC 1.3, na kwa mgonjwa aliyepoteza damu hiyo itamwangusha presha. Usisahau umri: baada ya miaka 40 mahitaji hushuka kama asilimia 6 kwa kila miaka 10, hivyo bibi wa miaka 80 anatulia kwa robo tatu hivi ya kile anachohitaji mjukuu wake aliyefikisha 40.

SWALI. Shangazi yangu hapa Mwanza alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Anasema alisikia madaktari wakizungumza, akahisi kuvutwa, akashindwa kupiga kelele wala kufungua macho. Nyumbani wanamwambia ni ndoto za dawa. Inawezekana kweli?

JIBU. Inawezekana, na tafadhali aaminiwe. Hili ni kinyume cha barua iliyotangulia: pale mwili ulisogea ubongo umelala, hapa mwili ulitulia ubongo ukiwa macho.

Upasuaji wa tumbo huhitaji misuli ilegee, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa kama suksamethoniamu, atrakuriamu au vekuroniamu. Dawa hizi haziingii ubongoni wala kwenye uti wa mgongo. Zinafunga pale tu neva inapokutana na msuli. Aliyepewa hizo bila usingizi wa kutosha anasikia kila kitu na hawezi kukunja hata kidole. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ayalandi uliotolewa mwaka 2014 ulikuta malalamiko kama hayo kwa mgonjwa 1 kati ya 19,000. Walipowatenganisha, waliopewa dawa ya kulegeza misuli walikuwa 1 kati ya 8,000, wasiopewa 1 kati ya 136,000, na kina mama wa upasuaji wa uzazi waliolazwa usingizi kamili 1 kati ya 670. Hizo ni zile hadithi ambazo wagonjwa walizileta wenyewe. Anayeona haya kusema hayumo.

Sababu zake ni za kawaida mno. Vaporaiza, kile chombo kinachotoa gesi ya usingizi, imekauka, au imejazwa ikaachwa bila kukazwa, gesi inavuja pembeni. Mabomba mawili ya sindano yanafanana na halina lebo hata moja, dawa ya kulegeza ikachomwa kabla ya ya usingizi. Kanula imetoka kwenye mshipa chini ya shuka, na propofoli inaingia kwenye nyama. Lakini tungependa kila mwenzetu aogope zaidi lile pengo la mwanzoni. Propofoli miligramu 2 kwa kilo humlaza mtu ndani ya nusu dakika, na baada ya dakika 5 mpaka 10 hutawanyika kwenda kwenye misuli na mafuta ya mwili. Atrakuriamu inabaki kama nusu saa. Kuweka mpira wa kupumulia kukisumbua, watu wote wanatazama koo, hakuna anayekumbuka kwamba gesi bado haijafunguliwa na ile dozi ya kwanza inaisha. Wakati huo chomeni propofoli nyingine, nusu ya ile ya kwanza, kisha endeleeni na koo.

Zaidi ya hapo: tazama kioo cha vaporaiza kabla ya kila mgonjwa, siyo asubuhi tu. Kama monita inapima gesi inayotoka mapafuni, weka kengele ilie ikishuka chini ya MAC 0.7. Vipimo vya umeme wa ubongo vyenye namba kuanzia 0 mpaka 100 husaidia, namba ikikaa kati ya 40 na 60, ila ketamini huipandisha namba hiyo hata mtu akiwa amelala vizuri. Na pale ambapo hakuna mashine kabisa, iko njia ya Tunstall ya mwaka 1977: mkanda wa presha hufungwa kwenye mkono mmoja na kujazwa upepo kabla ya dawa ya kulegeza kuchomwa, mkono huo ukabaki huru kwa dakika kadhaa. Mgonjwa huambiwa, "Bana kidole changu." Akibana, yupo.

Shangazi aombe kuonana na mtaalamu wa usingizi aliyemhudumia, aeleze maneno aliyoyasikia kama alivyoyasikia, na yaandikwe kwenye faili. Akikosa usingizi, akiota ndoto mbaya au akiogopa kulala chali, apate mshauri wa afya ya akili mapema. Siku nyingine akihitaji upasuaji, hilo liwe jambo la kwanza kulisema.

SWALI. Mwanangu wa miaka 6 alivunjika mkono, hapa Kigoma. Alichomwa sindano ya mshipani, macho yakabaki wazi yakichezacheza, huku anapumua kama kawaida na mkono unavutwa. Alipozinduka akasema dari lilikuwa linateleza. Walimpa usingizi kweli? Watu wananiambia hiyo ndiyo nusu kaputi.

JIBU. Walimpa, na kwa maelezo yako ilikuwa ketamini. Nusu kaputi wengi huita usingizi wowote wa thieta. Jina hilo halituudhi kama linavyowaudhi wenzetu wengine, kwa sababu ubongo chini ya propofoli au sevofluraini unafanana zaidi na wa mtu aliyezimia, ila kuzimia kunakorudishwa, kuliko na wa mtu aliyelala kitandani kwake. Ketamini ndiyo iliyo tofauti.

Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962. Badala ya kukaza breki za gaba, yenyewe huziba kipokezi kimoja cha glutameti kiitwacho NMDA. Kwenye uti wa mgongo hiyo inamaanisha maumivu hayapati nguvu ya kupanda, na ndiyo maana hata dozi ndogo, miligramu 0.2 mpaka 0.3 kwa kilo, ni dawa kali ya maumivu bila kumlaza mtu. Kwenye ubongo haizimi kila kitu. Inakata mawasiliano kati ya sehemu na sehemu: macho yanaona lakini gamba la ubongo halipati maana, sauti inafika imekatikakatika, mwili unahisiwa uko mbali. Dari linateleza. Shina la ubongo, linaloongoza pumzi, linaachwa likifanya kazi, na moyo unapiga kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Kwa hospitali ya wilaya yenye umeme wa kubahatisha na mgonjwa aliyetoka damu nyingi, hatujui dawa nyingine ya kuilinganisha nayo.

Dozi ya mshipani ni miligramu 1 mpaka 2 kwa kilo, ikichomwa taratibu kwa dakika nzima. Ikichomwa kwa pupa, hata ketamini husimamisha pumzi kwa muda. Kosa tunalolionya kila mwaka ni la kuchanganya. Kichupa kilichozoeleka kwetu kina miligramu 50 katika kila mililita, lakini vipo pia vya 10 na vya 100, na sura zao zinakaribiana. Mtoto wa kilo 20 kwa miligramu 1.5 kwa kilo anahitaji 30, yaani mililita 0.6 tu ya kile cha 50. Ukikosea alama moja kwenye bomba umemzidishia pakubwa. Afadhali vuta mililita 2, ongeza maji ya sindano mililita 8, uwe na miligramu 10 kwa kila mililita, halafu mpe mililita 3. Andika lebo kabla hujaweka bomba mezani.

Mate huongezeka, kwa hiyo mashine ya kufyonza iwe imewashwa na kujaribiwa. Koo likibana ghafla, oksijeni na barakoa viwe mkononi. Watu wazima husumbuliwa zaidi na njozi za kutisha wakati wa kuzinduka. Midazolamu miligramu 1 mpaka 2, chumba kitulivu na mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa upole hupunguza sana. Kumpigapiga makofi ili azinduke haraka ndiko kunakoharibu.

SWALI. Kaka yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu, Pemba, miaka mitano iliyopita. Kuanzia kifuani kwenda chini hana hisia. Sasa anatakiwa kutolewa jiwe kwenye kibofu. Jamaa wanasema dawa ya usingizi ya nini, naye hasikii?

JIBU. Jamaa wanamtakia mema, lakini hapa wanakosea, na kosa lenyewe linaweza kumpasulia mshipa wa damu kichwani.

Uti wa mgongo ulio chini ya jeraha haukufa. Umetengwa. Unapokea habari kutoka kibofuni, unazijibu, na ile breki ya ubongo iliyokuwa ikishuka kutoka juu haifiki tena. Jeraha likiwa juu ya pingili ya sita ya kifua, kuchokonoa kibofu kunaweza kuibana mishipa ya damu ya nusu nzima ya mwili kwa mkupuo. Presha hupanda, ya juu ikapita 200. Ubongo unaona presha lakini amri yake haivuki jeraha. Kinachobaki mkononi mwake ni kuupunguza mwendo wa moyo. Mgonjwa analalamika kichwa kinapasuka, uso unawaka na kutoka jasho, pua inaziba, ngozi ya chini inasisimka. Kwa hiyo asiyesikia maumivu anahitaji dawa kama mwingine, tena pengine zaidi.

Sindano ya ganzi ya mgongo humfaa sana kwa kuwa inakata mzunguko huo palepale unapoanzia. Kama mgongo umeunganishwa kwa vyuma na sindano haipiti, usingizi kamili wenye kina cha kutosha hufanya kazi hiyo. Jambo moja msiache kulitaja: ni mtu aliyepooza. Misuli iliyokatiwa neva huota vipokezi vipya kila mahali, na suksamethoniamu ikivigusa, potasiamu humwagika kwenye damu hata moyo ukasimama. Hatari huanza siku ya tatu baada ya kuumia na ni kubwa zaidi miezi 6 ya mwanzo, lakini sisi hatumpi mtu wa namna hii hata baada ya miaka. Rokuroniamu, dawa nyingine ya kulegeza misuli, ipo.

Nyumbani, dalili zile zikimpata ghafla, mwinueni akae, legezeni nguo, na tazameni mpira wa mkojo kama umejikunja au umeziba. Mara nyingi kibofu kilichojaa ndicho chanzo. Zisipotulia mara moja, hospitali.

SWALI. Nina mimba ya miezi 8, nimeambiwa nitajifungua kwa upasuaji na nitachomwa sindano ya mgongo. Naogopa kupooza. Na nitakuwa macho? (Morogoro)

JIBU. Utakuwa macho, utamsikia mtoto akilia. Kuhusu kupooza: kwa mtu mzima uti wa mgongo wenyewe huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inapita chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali penye maji na nyuzi za neva zinazoelea kama singa za mkia wa farasi na kuipisha sindano. Mtaalamu hupapasa ncha za mifupa ya nyonga; mstari unaoziunganisha hupita karibu na pingili ya nne. Kazi yako ni kupinda mgongo nje kama paka aliyekasirika na kutulia. Ukihisi shoti ya umeme kwenye mguu, sema papo hapo, usivumilie: sindano itarudishwa. Madhara ya kudumu ya neva ni nadra sana.

Dawa yenyewe ni bupivakeini nzito ya asilimia 0.5, kama mililita 2, aghalabu na fentanili kidogo. Haifanyi kazi kama gesi tulizozieleza juu. Yenyewe huziba milango ya sodiamu, ujumbe ukashindwa kusafiri kwenye neva. Ndani ya dakika 10 ganzi inapaswa kufika usawa wa chuchu, ikipimwa kwa kitu cha baridi, ndipo kisu kiruhusiwe. Utahisi kusukumwa na kuvutwa. Maumivu makali siyo sehemu ya mpango, yaseme.

Neva zinazobana mishipa ya damu nazo hulala, hivyo presha hushuka, na dalili ya kwanza huwa kichefuchefu. Meza huinamishwa upande wa kushoto nyuzi 15 ili mimba isiukandamize mshipa mkubwa, maji ya dripu yanakimbizwa, na efedrini miligramu 5 mpaka 10 au fenilefrini maikrogramu 50 mpaka 100 huchomwa. Vidole vya mikono vikianza kufa ganzi na sauti ikififia, mwambie aliye kichwani kwako. Ganzi imepanda kupita kiasi. Wengi husinzia hata bila dawa ya usingizi, maana nusu ya mwili imeacha kupeleka habari ubongoni.

Kichwa kikiuma siku ya pili au ya tatu, kikizidi ukikaa na kupoa ukilala, ni maji yanayovuja kwenye tundu la sindano. Sindano nyembamba yenye ncha ya penseli, namba 25 au 27, hupunguza sana tatizo hili. Rudi hospitali, lisipokwisha kwa kulala, maji na parasetamoli, damu yako mwenyewe mililita 15 mpaka 20 huchomwa mahali hapo iwe kiraka. Mgongo unaouma miezi baada ya kujifungua wengi huilaumu sindano, lakini mimba, kunyonyesha ukiwa umeinama na kubeba ndoo vina lawama kubwa zaidi.

SWALI. Niko mwaka wa pili wa masomo ya usingizi, Nairobi. Mwalimu anasema huku juu gesi hupungua nguvu. Niongeze namba kwenye vaporaiza?

JIBU. Mwalimu ana haki kwa upande mmoja. Kinachougusa ubongo na uti wa mgongo ni shinikizo la gesi, asilimia ni namna tu ya kuliandika. Nairobi, kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa inasukuma kwa takriban kilopaskali 82, wakati Mombasa ni 101. Vaporaiza za kawaida za halotheni, isofluraini na sevofluraini hujirekebisha: ukiweka 2, asilimia inayotoka huku juu ni kama 2.5, shinikizo likabaki lilelile la Mombasa. Usiongeze. Desfluraini hutumia chombo cha aina nyingine kinachotoa asilimia kamili, kwa hiyo 6 ya pwani iwe kama 7.4 kwenu. Na gesi ya naitrasi, ambayo hata pwani haiwezi kumtuliza mtu peke yake kwa kuwa MAC yake ni zaidi ya asilimia 100, hapo Nairobi kwa nusu kwa nusu inawapa kilopaskali 41 badala ya 50. Usiitegemee.

SWALI. Mtoto ana upasuaji saa 3 asubuhi. Bibi yake anataka apewe uji mwepesi saa 12, anasema ni maji tu. (Tanga)

JIBU. Uji ni chakula hata uwe mwepesi vipi, na chai ya maziwa vilevile. Usingizi ukishafika kwenye shina la ubongo, kukohoa na kumeza hulala, na kilichomo tumboni kikipanda kinaingia mapafuni bila kizuizi. Chakula cha mwisho kiwe saa 9 usiku, yaani saa 6 kabla. Kama bado ananyonya, titi la mwisho saa 11 alfajiri. Lakini msimnyime maji, kwa kuwa mtoto mwenye kiu analia na mishipa yake ni migumu kupata: maji matupu au chai ya rangi isiyo na maziwa anaruhusiwa mpaka saa 1 asubuhi. Bibi anaweza kumpa hayo mwenyewe.